Mama Marguerite Cibalonza, Aliyeongoza Maksai Bila Kusema Neno

Baba padri, wazee wetu, majirani wa Rumonge, ninyi mliotoka Kabezi na Bugarama na Kabonga, ndugu mliovuka ziwa kutoka Baraka, amahoro kwenu nyote, na kwa jamaa zangu Waislamu waliojaa pale nyuma chini ya turubai, asalaam aleikum. Mimi ni Aruna, mume wa Pascasie, mkwe wa marehemu, na kazi hii ya kusoma nimepewa kwa sababu watoto wake wote watatu waliijaribu jana na hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa pili, wakasema Aruna ana mdomo, apewe Aruna. Sawa, mdomo ninao, sikatai, ila leo nasoma maisha ya mtu aliyefanya kazi yake kubwa kuliko zote akiwa amefunga mdomo, na sauti ikinikwama njiani mtanivumilia.

Mama yetu Marguerite Cibalonza alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne katika nyumba ya watu wa mashamba na ng'ombe, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma kwa masista palepale Walungu kuanzia 1942 hadi 1946, akajua kusoma, kuhesabu, kushona na kuimba, na kama si kupigishwa magoti kila siku ya Mungu kwa kosa la kuongea darasani, pengine angesoma zaidi. Ndiyo, kuongea. Ninyi mliouza naye sokoni mnacheka kwa sababu mnamjua, mama huyu alikuwa akianza habari ya bei ya dagaa anamalizia na harusi ya mjukuu wa mtu asiyemjua, na nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa ukubwa wa kile alichokifanya baadaye.

Tarehe 16 Agosti 1952 alifunga ndoa na baba Sylvestre Lukeba, na mwaka uliofuata wakashuka pamoja hadi Rumonge, ambako baba alipata kazi kwenye kiwanda cha kukamua mawese. Mungu akawajalia watoto watatu, Généreuse aliyezaliwa tarehe 4 Juni 1954, Pascasie wangu mwaka 1957, na Cirhuza mwaka 1960, aliyepewa jina la babu yake. Babu huyo, mzee Cirhuza, alikuja kuishi nao mwaka huohuo wa 1960, Kongo ilipochafuka, akatokea hapa kwa miguu kupitia Uvira na Bujumbura akiwa na fimbo yake, kofia yake na ndama wawili wa kiume, maana vingine vyote vilipotea njiani. Majirani Warundi waliwaita ndama wale kwa rangi za ngozi zao, wa nyekundu iliyokolea akawa Bihogo, wa kahawia nyepesi akawa Gaju, na mzee aliwapenda hao wawili kiasi kwamba chakula kikichelewa aliuliza kwanza kama wao wamekula.

Sasa katika ukoo wa mzee Cirhuza kulikuwa na mwiko mmoja, nao ni kwamba mwanamke hasemeshi ng'ombe. Kumpelekea majani anaweza, kufagia zizi anaweza, lakini kumwita, kumkemea, kumbembeleza, hata kumwambia sogea, hapana, hiyo ni kazi ya mdomo wa mwanamume. Mama aliukuta mwiko huo, akaufuata, na kila jioni aliingia zizini na kikapu cha maganda ya ndizi kiunoni, akawapitia mbele, akawasugua shingo kwa konzi ya majani makavu, akatoka kimya. Alikuwa akisema hiyo ndiyo dakika pekee ya siku ambayo ulimi wake ulipumzika.

Ukaja Uhuru, tarehe mosi Julai 1962. Mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba karibu na hapa alikuwa ameondoka na kuacha jembe la kukokotwa, lile ambalo wengi wetu tuliliita sharu, na ushirika ukamwomba baba Sylvestre, kwa kuwa huko Walungu aliwahi kuona maksai wakilima, awafunge Bihogo na Gaju nira, na siku ya sherehe awalimishe mbele ya watu wote ili Burundi huru ianze na mtaro mpya. Si wote walioipenda habari hiyo, wazee wa milimani waliposikia walishika vichwa, wakauliza, ng'ombe ambaye sisi tunamwimbia sifa, ninyi mnataka kumfanya punda? Lakini baba alikuwa ameshakubali, na baba naye, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, akaamini sauti hiyo itatosha.

Haikutosha. Baba alipiga kelele, akachapa mjeledi hewani, wasaidizi wawili nao wakapiga kelele, upande wa pili ngoma zikaanza, na Bihogo na Gaju wakaona dunia imekwisha. Waliruka na nira yao, wakaburuta jembe kupita uwanja wa mpira, wakakata kamba za bendera, wakapindua meza ya vinywaji vya wageni wa heshima, chupa za bia zikasambaa, wanawake wakakimbilia kanisani, na baba Sylvestre aliyekuwa amekataa kuachia mpini akaonekana akiburutwa kwa tumbo mbele ya viongozi kama mtu anayeogelea nchi kavu. Mzee Cirhuza akakaa chini palepale, akafunika uso kwa kofia.

Wakati huo mama alikuwa pembeni, amevaa kitenge chake cha bluu chenye maua ya njano, na wote walioshuhudia husema jambo moja, kwamba hakukimbia. Alitembea mpaka mbele ya wale ng'ombe waliokuwa wanatoa povu, hakuwaita, maana baba mkwe wake alikuwa palepale na mwiko ni mwiko, akawapa tu mgongo na kuanza kwenda taratibu, kama anavyokwenda zizini jioni. Bihogo akanusa, Gaju akanusa, na jamani, wakamfuata! Walimfuata uwanja mzima, na jembe nyuma yao likaingia udongoni lenyewe na kukata mtaro, si mtaro wa kujivunia, ulipinda hapa na pale, lakini ulikuwa mtaro, ngoma zenyewe zikanyamaza kumtazama, na mtu wa kilimo aliyetumwa kutoka Bujumbura akavua kofia. Mzee Cirhuza alipofika nyumbani akatoa hukumu yake, akasema, "Amewaongoza, amewaongoza. Lakini asiwasemeshe."

Ndivyo ilivyoanza kazi ya mama, ndugu zangu, na kila nikiifikiria nashangaa upya, kwamba mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wote Rumonge alijenga kazi ya kufundisha maksai bila neno hata moja. Alianza na mkono, ng'ombe azoee kuguswa pembe, shingo na kwato mpaka asishtuke, kisha akamvalisha kipande cha mti mwepesi shingoni ashinde nacho akila majani, kisha nira ya wawili, kisha gogo dogo la kuburuta, kisha gogo kubwa, na jembe likaja mwisho kabisa. Kila mmoja alikuwa na upande wake wa maisha yote, Bihogo kushoto juu ya ardhi isiyolimwa, Gaju kulia ndani ya mtaro, wakila hivyo, wakilala hivyo, wakienda kunywa maji hivyo. Mama alitangulia mbele, baba akashika mpini nyuma, na ng'ombe walisoma mgongo wa mama, akiinamisha bega la kushoto wanakata kushoto, akiinamisha la kulia wanakata kulia, akiweka kiganja wazi nyuma ya mgongo wanasimama, akipunga ncha ya kitenge wanakwenda. Jambo moja tu hakulifanya kamwe, hakugeuka kuwatazama, kwa sababu akigeuka nao wanageuka, na mstari wote unaharibika.

Ugumu haukuwa kwa ng'ombe, ulikuwa kwa watu. Baba Sylvestre alijisahau kila mara, akapiga ukelele, ng'ombe wakashtuka, mpaka mama akagundua dawa, akamwekea maji mdomoni mwanzo wa mstari na kumwambia asiyameze wala kuyatema mpaka mwisho. Ikafanya kazi! Na walipoanza kuja wanaume kutoka Bugarama na Kabezi kujifunza, wote walipokelewa kwa kikombe cha maji, na nimesimuliwa kwamba ilikuwa ajabu kuona wanaume wazima wenye mashavu yamevimba wakilima bila sauti, unasikia tu udongo ukipasuka na pumzi za ng'ombe. Muhogo na mahindi ya miaka ile yalitosha mpaka ya kugawia. Jirani yetu mzee Suud, mwenye duka pale njia ya ziwa, alikuwa akitoka kusimama mlangoni wanapopita, anasema, "Subhanallah, hii iko kama sala."

Mzee Cirhuza alifariki tarehe 2 Februari 1969, na mama angeweza tangu siku ile kuwasemesha ng'ombe wake akitaka, hakuna wa kumzuia. Hakufanya hivyo. Alisema wameshazoea, na yeye mwenyewe ameshazoea.

Mwishoni mwa Aprili 1972 mambo yakaharibika hapa kwetu. Wakubwa mliopo mnajua, wadogo mtawauliza wakubwa wenu kwa wakati wake, mimi nasema tu yaliyomfika mama. Tarehe 9 Mei 1972 baba Sylvestre aliitwa kwenye mkutano pamoja na wanaume wengine wa kiwandani, akavaa koti lake la kanisani, akamwambia mama, "Niwekee ugali, nakuja sasa hivi," na hakurudi, na mpaka leo familia hii haina kaburi lake la kupanda ua. Ugali ule mama aliufunika sahani, akaukataza kuguswa. Baada ya hapo zikaja habari za nyumba kwa nyumba, kwamba waliochukuliwa watafuatiwa na watoto wao, kuanzia waliokua, na Généreuse alikuwa anakaribia miaka kumi na minane.

Barabara ilikuwa na vizuizi kaskazini na kusini. Lilibaki ziwa, na ziwa nalo lilikuwa limefungwa, mitumbwi yote ilikuwa imevutwa kutoka mchangani mpaka ndani kabisa kwenye michikichi ili asiondoke mtu, ile mitumbwi mikubwa ya mbao ambayo kuisogeza inataka kundi la wanaume, na wanaume walikuwa hawapo tena, na walinzi walikaa pale soko la samaki, karibu kiasi kwamba ukikohoa wanageuka. Ndipo mzee Suud alipokuja kwa mama kwa mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Généreuse, mitumbwi yangu miwili iko kule kwenye michikichi. Ng'ombe zako zinaweza?"

Mama akamjibu, "Ng'ombe zinaweza. Watu ndio sijui."

Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1972, kabla hakujapambazuka vizuri, mama aliwatoa Bihogo na Gaju, wakati huo wameshakuwa wazee, na mnyororo wa jembe alikuwa ameuzungushia vitambaa pingili kwa pingili usilie, na njia yote kutoka kwenye michikichi hadi majini mzee Suud alikuwa ameitandaza vigogo vya migomba vilivyomenywa, vinavyoteleza bila kugonga. Kina mama na watoto wao walikuwa wamejibanza pale, pamoja na wavuvi wawili waliokuwa mafichoni, na mama akapita kwa kila mmoja na kibuyu, mkubwa kwa mdogo, akamtilia maji mdomoni, akaweka kidole juu ya midomo yake. Hata watoto wa miaka mitatu. Kisha akawapa maksai mgongo, akapunga ncha ya kitenge, nao wakaegemea nira.

Nimemuuliza kila aliyekuwepo, nimemuuliza mke wangu mara nyingi mpaka amechoka, na wote wananiambia hawakusikia kitu. Ng'ombe wawili wazee walivuta mzigo wa kundi la wanaume, magoti yao yalitetemeka, pumzi zilitoka nzito, na mtumbwi ulishuka mteremko wa mchanga juu ya migomba kama maji yanavyoshuka, na kule soko la samaki walinzi waliendelea na mazungumzo yao. Mtumbwi wa kwanza ukajaa ukaondoka. Wakarudi wakachukua wa pili, nao ukashuka vilevile. Mimi nimeona mengi maishani, nimeona meli, nimeona ndege, lakini kitu hicho ambacho sikukiona ndicho kinachonistaajabisha kuliko vyote nilivyoviona.

Mpango ulikuwa kwamba mama apande mtumbwi wa pili pamoja na watoto wake, na mzee Suud, ambaye alikuwa amekataa kuacha duka la baba yake, ashike kamba na kuwarudisha ng'ombe. Mama akapanda. Mvuvi akasukuma. Na Bihogo na Gaju, ambao kwa miaka kumi walikuwa hawajui kitu kingine ila kufuata mgongo ule, wakaingia majini nyuma yake. Mzee Suud akavuta kamba kwa nguvu zake zote, wakamburuta, maji yakawafika kifuani, mnyororo ukaanza kupiga nira, na Gaju, ambaye hakuwahi kutoa sauti kazini, akalia. Alilia kidogo tu, lakini kule sokoni mazungumzo yakakatika.

Mama akashuka majini. Hakusema neno, asingeweza kusema, mdomo wake nao ulikuwa na maji na walinzi walikuwa wanasikiliza, akawapita ng'ombe, akatangulia mbele yao kuelekea nchi kavu, nao wakageuka wakamfuata, kimya kikarudi. Watoto wake walibaki wanamwona mgongo. Aliweka kiganja wazi nyuma ya kiuno, ile ishara ya simama hapo, na Généreuse aliyekuwa ameshainuka ili amfuate akakaa, mtumbwi ukaondoka, na mama hakugeuka kuwatazama hata mara moja. Sasa mnajua kwa nini hakugeuka. Généreuse hakujua.

Yaliyofuata tuliyapata kwa mzee Suud. Mama alifunga makuti nyuma ya maksai, akafagia alama zote za mitumbwi kutoka michikichini hadi majini, ili kukikucha asiwepo wa kuziona na kutuma boti ya injini iwafuate, na jua lilipotoka alikuwa analima mistari ya shamba lake la muhogo kando ya njia, huku mzee Suud, mfanyabiashara ambaye mkono wake haukuwahi kugusa hata jembe la kawaida, ameshika mpini wa baba Sylvestre na mashavu yamevimba maji. Walinzi walipita, wakawatazama, wakawasalimia, wakaendelea. Baada ya siku ile ulinzi wa ziwa ulikazwa maradufu na mama hakupata tena nafasi ya kuvuka. Alirudi nyumbani kwake, kwenye vyumba vitatu na sahani moja ya ugali uliokauka, na kuanzia msimu ule alilima shamba lake pamoja na mashamba ya waliokimbia, yote aliyoweza, akisema wakirudi wasikute pori.

Watoto walifika Ubwari salama, mke wangu anasema hakuyameza maji yale mpaka alipoona miti ya ng'ambo, na kutoka Ubwari wakapelekwa Baraka kwa dada yake mama. Pascasie na Cirhuza walirudi Rumonge mwaka 1976. Généreuse hakurudi. Alikuwa ameolewa huko, na kila aliyemtajia mama alimpa jibu moja, kwamba mama yake alikuwa ndani ya mtumbwi pamoja nao na akashuka kwa ajili ya ng'ombe. Moyo wake ulikuwa na jeraha, nani wa kumlaumu? Nilipoanza kuchumbia katika nyumba hii nilimuuliza mama kwa nini asitume mtu akamweleze, naye akaniambia, "Nikimueleza ataona namudai shukrani. Wacha mutoto aje aone mwenyewe."

Akaja Agosti 1981, kwa ajili ya harusi yangu na Pascasie, akamsalimia mama kwa mkono, kama mgeni. Asubuhi ya pili yake, nyumba ikiwa imejaa wapishi, akaombwa awapeleke ng'ombe kunywa maji ziwani. Hawa walikuwa jozi nyingine, Bihogo na Gaju wa kwanza wameshakufa kwa uzee, lakini mama kila jozi aliyoifundisha aliipa majina yaleyale, na hawa nao walikuwa watu wa mgongo. Nguo za Généreuse zilikuwa hazijakauka, akachukua kitenge cha kazi cha mama kilichokuwa msumarini, akakifunga, akaenda. Alipofika ufukweni akaingia majini kunawa, mpaka magotini, mpaka kiunoni, akisafisha uso, na aliposikia pumzi nzito akageuka. Ng'ombe wote wawili walikuwa nyuma yake, maji yamewafika kifuani, wanamtazama, wanangoja aendelee.

Alikaa majini palepale. Wanawake waliokuwa wanafua walidhani ameteleza, wakamkimbilia, wakamkuta analia kwa sauti ambayo, nasema, alikuwa ameibeba miaka tisa. Akarudi nyumbani nguo zinachuruzika, akaingia jikoni, mama alikuwa ameinama anachekecha unga wa muhogo, na Généreuse akamkumbatia kutoka nyuma, akaweka shavu kwenye ule mgongo. Mama naye hakugeuka. Alisema tu, "Umelowa, wee, utaniloweshea unga," na chekecheke ikamponyoka mikononi.

Tangu hapo Généreuse alikuwa anavuka ziwa kila mwaka, na mama akaendelea na kazi yake mpaka mwaka 2008, alipoanza kusumbuliwa na presha na baadaye figo. Amefundisha jozi tano za maksai, na watu kutoka Kabezi hadi Kabonga. Alilazwa tarehe 20 Septemba mwaka huu wa 2011, na siku za mwisho alipokosa nguvu za kuongea aliwaongoza wauguzi kwa mabega na kiganja, nao wakamwelewa. Mama alitutoka tarehe 9 Oktoba 2011, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba, akizungukwa na watoto wote watatu. Ameacha watoto hao, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, na maksai wawili ambao tangu Jumapili wanaangalia mlango wa jikoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, inaushukuru ushirika wa wakulima, parokia, msikiti, kina mama wa sokoni walioleta kuni na ndizi bila kuombwa, na ukoo wa marehemu mzee Suud, ambao kwetu si majirani tena. Murakoze cane.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonipa nguvu ya kusoma mpaka hapa bila kulia. Jeneza la mama litakokotwa na maksai wake, Bihogo na Gaju wa tano. Miaka yote yeye alikuwa mbele yao, leo kwa mara ya kwanza atakuwa nyuma, na mbele atatangulia Généreuse, amefunga kile kitenge. Ng'ombe hawa hawajawahi kusikia kelele kazini. Najua mnataka kumlilia, na mimi nataka, Mungu anaona, lakini tukipiga vilio njiani watashtuka, watageuka kumtafuta. Kwa hiyo Suad, binti yake mzee Suud, ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitatu ndani ya mtumbwi ule wa pili, atapita hapo mlipo na vikombe. Kila mmoja achukue maji, ayaweke mdomoni, asiyameze wala kuyatema mpaka kaburini, na tukifika, Généreuse akifungua kiganja chake nyuma ya mgongo, tutasimama, tutameza, na hapo kila mtu alie anavyotaka.

Suad, anza na mimi, kikombe changu hiki hapa. Mama Marguerite, umetuvusha, sasa pumzika kwa amani, sisi tunanyamaza.